Injini kuukuu huvuka mpaka bila mipira yake, na hapo ndipo kesi huanzia

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda

Pikapu ya mjomba wangu ni Land Cruiser FJ45, na kazi yake ni vitunguu. Huvitoa mashambani Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ikavipandisha Karatu, na kutoka hapo vikapakiwa kwenye malori ya wafanyabiashara wanaokwenda Namanga na Nairobi. Injini yake ilipochoka, mjomba aliuliza huku na huku hadi akapata nyingine Mombasa: 2F ya petroli, silinda sita katika mstari mmoja, lita 4.2. Ikapanda lori, ikapita Voi, Taveta, Holili, Moshi na Arusha, ikashushwa Karatu ikiwa imefungwa kamba juu ya tairi bovu.

Ushuru ulikuwa umelipwa na karatasi zilikuwa sawa. Kabureta ilikuwapo, distributa ilikuwapo, hata fani haikuwa na ufa. Kilichokosekana ni vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu siku ya kununua: mipira myembamba inayotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa kwenda huku na huko. Ilikatwa kwa kisu wakati injini inang'olewa, ikabaki kwenye gari la zamani.

Fundi akaangalia. Kwenye manifoldi na kwenye kabureta kulikuwa na matundu sita yaliyo wazi. Gari la mjomba lilikuwa na mipira mitatu inayosubiri kuunganishwa: wa breki, wa distributa, na ule unaonyonya mvuke wa oili kutoka tapeti kava. Fundi akachagua matundu matatu yaliyokuwa karibu, mengine akayaziba. Injini ikawaka mara ya kwanza. Watu wakapeana mikono.

Siku ya tatu mjomba alikuwa anateremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu na mzigo nyuma. Anayeijua barabara ile anajua ukingo wa Bonde la Ufa unavyoanguka kuelekea Ziwa Manyara. Alikanyaga breki mara ya kwanza, zikashika. Mara ya pili zikashika kidogo. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Alipona kwa gia namba moja, breki ya mkono na tuta la udongo upande wa kushoto.

Jioni ile simu ilipigwa Mombasa, na maneno yaliyosemwa hayafai kuchapishwa. Muuzaji alisisitiza kwamba injini yake ilikuwa nzima na aliiwasha mbele ya dereva wa lori. Mjomba alisisitiza kwamba ameuziwa kifo. Nilipoanza kuwauliza mafundi na wauza spea wa pande zote mbili za mpaka, niligundua kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kosa lilikuwa kwenye tundu moja dogo.

Matundu yanafanana, kazi hazifanani

Injini ya petroli ya kabureta hupumua kama mtu anayevuta hewa huku amebanwa pua. Pistoni zinashuka zinataka hewa, na kipepeo cha kabureta kimefungwa karibu chote. Kwa hiyo ndani ya manifoldi, chini ya kipepeo, hutokea mvuto mkali. Vitabu vya shule huuita ombwe. Gereji huuita vakyumu. Watengenezaji wa zamani waliuona mvuto huo kama nguvu ya bure, wakatoboa matundu na kuutumia kwa kazi nyingi: kusaidia mguu kwenye breki, kusogeza taimingi, kunyonya mvuke wa oili, kuingiza gia ya magurudumu ya mbele katika baadhi ya Land Cruiser, hata kuendesha waipa. Ford Anglia ya miaka ya 1950 ilikuwa na waipa za namna hiyo. Wazee waliozipanda wanakumbuka kwamba gari likipanda mlima kwenye mvua waipa zililegea, kwa sababu dereva akikanyaga mafuta kipepeo hufunguka na mvuto hupungua.

Hilo la waipa ndilo la kulishika. Mvuto wa manifoldi ni mkali injini ikinguruma bila kukanyagwa, ile hali ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita silensi. Ni mkali pia gari likiteremka mguu ukiwa nje ya mafuta. Ukikanyaga mafuta hadi chini, hufifia karibu kwisha.

Sasa kuna aina ya pili ya tundu, na hili ndilo lililomponza mjomba. Halipo kwenye manifoldi bali kwenye mwili wa kabureta, limetobolewa juu kidogo tu ya ukingo wa kipepeo kikiwa kimefungwa. Injini ikiwa kwenye silensi tundu hili halivuti kitu, kwa sababu liko upande wa hewa ya kawaida. Ukikanyaga mafuta kidogo, ukingo wa kipepeo hulipita, tundu likajikuta upande wa mvuto, na ghafla linavuta. Liliwekwa hapo makusudi kwa ajili ya distributa: gari likitembea mwendo wa kawaida kwa mzigo mwepesi, mchanganyiko wa hewa na mafuta huwaka polepole, hivyo cheche inapaswa kutangulia kidogo. Kile kikombe cha bati kando ya distributa, chenye ngozi ya mpira ndani, huvutwa na tundu hilo na kusogeza sahani ya pointi.

Fundi wa Karatu alichukua mpira mnene wa busta ya breki, ile ambayo wengine huiita haidrovaki, akaupunguza kwa kiunganishi na kuuchomeka kwenye tundu la kabureta. Barabara tambarare ilimdanganya. Mguu ukiwa kwenye mafuta, tundu lilivuta na busta ikajaa. Kwenye mteremko mguu ulitoka kwenye mafuta, kipepeo kikafunga, tundu likanyamaza, na busta ikatumia akiba yake kwa kukanyaga mara mbili. Breki zilipata msaada pale zisipohitajika na kuukosa pale zilipohitajika.

Distributa nayo ilipewa tundu la manifoldi, linalovuta muda wote. Zipo injini zilizoundwa hivyo na hazina tatizo, lakini kwa injini iliyopangwa kupata mvuto wa kabureta matokeo yake hujificha. Silensi inapanda, fundi anaishusha kwa skrubu. Halafu anapanga taimingi mpira ukiwa umechomekwa, bila kujua kwamba kikombe tayari kimesogeza cheche mbele. Gari likipanda mlima na mzigo, mvuto unakufa, kikombe kinarudi nyuma, na cheche inachelewa kuliko ilivyotakiwa. Injini inakosa nguvu na inachemka. Mnunuzi anasema ameuziwa injini iliyokufa.

Kuitambua ikiwa sakafuni

Mfanyabiashara mara nyingi hukutana na injini ikiwa chini, haijawashwa, mafuta yamekauka. Hata hapo matundu yanaweza kujieleza.

Anza na ukubwa na mahali. Tundu la busta ya breki ni kubwa, kipenyo cha ndani takriban milimita 8 hadi 10, na kwa kawaida liko katikati ya manifoldi, chini ya kabureta au karibu yake, mahali ambapo silinda zote huchangia mvuto. Tundu la kunyonya mvuke wa oili nalo ni kubwa na liko katikati, kwa sababu hewa inayoingia hapo lazima igawanyike kwa silinda zote. Ikiingia kwenye njia ya silinda moja, silinda hiyo peke yake itapata hewa nyingi kuliko mafuta. Matundu madogo, ya milimita 3 hadi 5, ni ya ishara: distributa, swichi za joto, vali ndogondogo.

Kisha chukua waya mwembamba na tochi. Kabureta ikiwa imetolewa, ingiza waya kwenye kijibomba kwa nje na uangalie unatokea wapi ndani. Ukitokea kwenye ukumbi wa kati wa manifoldi, ni mvuto wa manifoldi kwa silinda zote. Ukitokea kwenye njia ya silinda moja, ni mvuto wa silinda hiyo, ambao hupigapiga na haufai kwa mpira mnene. Kwenye kabureta yenyewe, funga kipepeo kwa kidole na uone waya unatokea juu au chini ya ukingo wake. Chini ni mvuto wa muda wote. Juu kidogo tu ya ukingo ni tundu la distributa. Ukitokea juu kabisa, kwenye shingo nyembamba ambako mafuta hunyunyiziwa, ni mvuto mwingine dhaifu unaokua kadiri hewa inavyopita kwa kasi, na haufai kwa distributa wala breki.

Halafu angalia rangi. Fundi mmoja mtu mzima wa upande wa Taveta aliniambia kwamba yeye hutazama ndani ya tundu kama daktari anavyotazama ulimi, na nimekuja kuona ana haki. Tundu la mvuto mtupu huwa kavu, na doa la kahawia la petroli iliyokauka. Tundu la mvuke wa oili lina uchafu mweusi unaoteleza. Tundu la vali ya kurudisha moshi lina masizi magumu makavu, na kuta zake zimebabuka kwa joto. Na tundu lenye kutu, au ukoko mweupe wa chumvi, si la mvuto kabisa: ni la maji.

Hili la maji lisichukuliwe kwa wepesi. Manifoldi za injini nyingi za Toyota za familia ya R, kama 18R na 22R zilizojaa kwenye Hilux na Corona, hupashwa joto na maji ya rejeta. Kijibomba chake cha maji na cha mvuto vinaweza kukaribiana na kufanana. Zaidi ya hapo, kuna swichi za joto zinazofungwa kwenye njia ya maji lakini zina pua za kuchomeka mipira ya mvuto. Ukiona kitu kama hicho, chini yake ni maji na juu yake ni mvuto. Ukiing'oa na kuacha tundu wazi, maji yatamwagika. Ukiunganisha busta kwenye tundu hilo, maji yataingia kwenye busta.

Injini mbili za namba moja zinaweza pia kutofautiana idadi ya matundu. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au la Japani yenyewe tangu miaka ya 1970 zilitakiwa kutimiza sheria za moshi, hivyo zilitobolewa zaidi na kuvishwa vali nyingi. Zile zilizotengenezwa kwa masoko kama ya kwetu zilikuwa na mipira michache. Ndiyo maana injini ya mjomba ilikuwa na matundu sita na gari lake mipira mitatu. Matundu matatu ya ziada hayakuwa na kazi kwake, na dawa yake ilikuwa kuzibwa vizuri. Magari yaliyotoka kwenye masoko yale mara nyingi yana karatasi iliyobandikwa chini ya boneti yenye mchoro wa mipira yote. Anayevunja gari na kuitupa karatasi hiyo ametupa sehemu ya bei. Ipige picha hata kama imechakaa.

Land Rover za zamani zina kisa chao. Nyingi za Series II na IIA zilitoka kiwandani bila busta ya breki, kwa hiyo manifoldi yake ikichukuliwa kwenda kwenye Series III yenye busta, tundu linalohitajika linaweza kuwa limezibwa, au lisiwepo. Muulize mnunuzi gari lake lina busta kabla ya kumuuzia manifoldi. Na wanaofanya biashara ya Volkswagen Beetle za mwanzoni mwa miaka ya 1970 wajue kwamba baadhi zina kikombe cha distributa chenye pua mbili: moja ya kutanguliza cheche, inayotoka kwenye kabureta, na moja ya kuichelewesha, inayotoka kwenye manifoldi. Ukizibadilishana, gari huwaka lakini halina nguvu.

Ikiwa inawaka, kidole kinatosha

Injini ikiweza kuwashwa, kazi huwa nyepesi. Iache kwenye silensi na uweke kidole juu ya tundu. Likikunyonya hapo hapo, ni la manifoldi. Lisipokunyonya, ongeza mafuta kidogo kwa mkono. Likianza kunyonya sasa, ni lile la distributa lililo juu ya kipepeo. Lisiponyonya kabisa, ama limeziba kwa masizi ama si la mvuto.

Kwa breki kuna kipimo kinachojulikana na bado hakifanywi. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, uishikilie chini, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata mvuto. Isipozama, usiuze wala usinunue hadi sababu ijulikane. Kwenye mpira wa busta kuna pia vali ya njia moja, inayoruhusu hewa kutoka busta kwenda kwenye injini na kuizuia isirudi. Ipulize kwa mdomo upande mmoja, kisha mwingine. Ikipitisha kote kote imekufa, na ikifungwa kinyume breki hazitapata msaada wowote. Inauzwa kwa bei ndogo na hupotea kirahisi, kwa hiyo ikate pamoja na mpira wake unapovunja gari.

Wako wanaotafuta uvujaji kwa kunyunyiza petroli juu ya manifoldi ya moto. Nimeyaona macho ya mtu aliyefanya hivyo mara moja tu. Maji kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia yanatosha: mahali panapovuja, injini itabadili mlio. Kwenye 2F na kwenye Land Rover ya petroli ya lita 2.25, manifoldi ya hewa na ya moshi zimefungwa pamoja upande mmoja wa injini. Moja ikipinda, gasketi huvuja na injini hutetemeka kwenye silensi kana kwamba tundu limeachwa wazi. Kabla ya kulaumu mipira, weka rula kwenye uso wa manifoldi.

Inchi tano zilizopotea njiani

Nirudi kwa mjomba. Baada ya mkasa wa mteremko alimwita fundi wa pili, mwenye geji ya vakyumu. Huyu alipanga mipira sawasawa, akaziba matundu ya ziada, akapima. Sindano ikatulia kwenye inchi 14 za zebaki. Fundi akatikisa kichwa. Kwenye karatasi ya muuzaji wa Mombasa kulikuwa kumeandikwa kwa kalamu 19. Hukumu ikatolewa: vali zimekwisha, au ringi, na yule wa Mombasa ni mwongo. Mjomba alikuwa tayari kupakia injini irudi ilikotoka, na gharama ya lori juu yake.

Injini haikuwa na ugonjwa. Geji ya vakyumu hulinganisha hewa ya ndani ya manifoldi na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua uzito kadiri unavyopanda. Usawa wa bahari inasukuma zebaki karibu inchi 30. Kwa kila mita 300 unazopanda, toa takriban inchi moja kwenye kipimo. Karatu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kumi na tisa toa tano ni kumi na nne.

Kwa anayefanya biashara ya injini katika ukanda huu hesabu hiyo ni ya kuandikwa ukutani, maana njia zetu zinapanda na kushuka. Injini nzima inayosoma 19 Dar es Salaam au Mombasa itasoma karibu 16 Bujumbura, 15 Kampala, 14 Kigali, na 13 hadi 14 Nairobi. Kinyume chake kina hatari zaidi kwa mnunuzi: injini inayosoma 14 Nairobi ni nzima, lakini inayosoma 14 Mombasa ina tatizo, ama uvujaji, ama taimingi iliyochelewa, ama vali. Anayeteremka pwani kununua akiwa na namba za Nairobi kichwani atabebeshwa mzigo mbovu huku anatabasamu.

Sindano isiyotulia nayo husema. Ikiruka kwa mpigo sawia, mara nyingi ni vali moja isiyofunga. Ikitulia lakini iko chini sana hata baada ya kutoa hesabu ya mwinuko, tafuta uvujaji kwanza kabla ya kufungua silinda hedi.

Soma pia maandishi ya geji. Geji nyingine zimeandikwa sentimita za zebaki, nyingine kilopaskali. Namba 48 kwa sentimita ni sawa na inchi 19. Namba 48 kwa kilopaskali ni inchi 14. Watu wawili wanaweza kugombana simuni juu ya 48 moja, kila mmoja akiwa na geji yake mkononi.

Dizeli ni habari nyingine

Kuna wateja wanaotaka kutoa petroli waweke dizeli, au kinyume chake, na hapa mfanyabiashara anayekaa kimya huuza ajali. Injini nyingi za dizeli hazina kipepeo cha kubana hewa, hivyo manifoldi yake haina mvuto wa kutosha breki. Badala yake zina pampu ya vakyumu. Kwenye Toyota za 2L na 3L pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta na hulainishwa na oili ya injini. Ukiuza injini hizo na kubakiza altaneta uiuze peke yake, umebakiza breki za mteja. Akifunga altaneta ya gari la petroli, taa zitawaka, betri itachaji, na pedali itakuwa jiwe.

Siku ya kuvunja gari

Mafundi wote niliozungumza nao walikubaliana kwamba kazi kubwa hufanyika gari la zamani likiwa bado halijavunjwa. Piga picha za mipira yote kwa simu, kutoka juu na kutoka pande zote mbili, kabla kisu hakijagusa kitu. Usikate mpira karibu na tundu. Acha kipande cha kiganja kimoja juu ya kila pua na ufunge karatasi au utepe wenye rangi. Mpira mkavu uliobaki unaonyesha unene uliotakiwa, na huo peke yake ni ushahidi.

Kwa safari ziba matundu, lakini si kwa kitambaa wala kijiti. Mchanga ukiingia utasaga silinda, na kitambaa kilichosahauliwa ndani kitanyonywa siku ya kwanza injini ikiwaka. Kofia za mpira au mpira uliokunjwa na kufungwa waya vinatosha hadi mwisho wa safari. Kwa kuziba moja kwa moja tumia kizibo cha shaba chenye nyuzi zinazolingana. Injini za Kijapani za rika hili kwa kawaida zina nyuzi za mabomba za mfumo wa Kiingereza. Za Kimarekani zina mfumo wao. Kile cha robo nusu ya inchi, yaani moja ya nane, kina nyuzi 28 kwa inchi katika mfumo wa kwanza na 27 katika wa pili. Kizibo kitaingia mizunguko miwili, kitakaza, utadhani kimeshika. Kitavuja, na ukikilazimisha utapasua manifoldi.

Kuhusu karatasi za mpakani, wapo wanaodhani injini ndogo ya bei ya chini inaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Injini iliyotengenezwa Japani haipati cheti chake cha asili hata kama imezeekea Mombasa. Mtafute wakala wa forodha mapema. Na magari ya rika hili hayaingii tena kirahisi kutoka ng'ambo, kwani Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane na Uganda lililozidi miaka 15. Injini za kabureta tutakazouziana ni zilezile zilizo tayari kwenye ukanda, zikizunguka kutoka boneti moja hadi nyingine, na kila mzunguko unapoteza mipira michache.

Kwenye hati ya mauziano ongezeni mstari mmoja chini ya namba ya injini: idadi ya matundu, yapi yana kazi, yapi yamezibwa, kipimo cha geji, na mji kilipopimwa. Mji usisahaulike.

Mjomba alipiga simu Mombasa mara ya pili. Salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida, akauliza habari za watoto, za biashara, za joto la huko, kabla ya kufika kwenye inchi tano. Muuzaji naye alikiri kwamba ile mipira aliikata mwenyewe. Mwezi uliofuata alimtumia ndugu wa mjomba manifoldi ya pili, safari hii ikiwa na vipande vya mipira na utepe mwekundu kwenye tundu la breki.

Pikapu bado inabeba vitunguu. Juu ya tapeti kava fundi amechora kwa rangi nyeupe duara sita, tatu zimewekwa msalaba, na kando yake ameandika KARATU 14.